Vibaba vinne, herufi tano

Mtunzi wa chemshabongo akiandika "vibaba vinne, herufi tano", bibi wa Unguja hahangaiki: ni pishi. Kila Ramadhani inapokatika anaipima tena, kwani zakatul-fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila aliyemo nyumbani, kama kilo mbili na nusu za mchele. Swaa ya Waarabu ina mudi nne, pishi ina vibaba vinne. Masheikh hawakupata taabu ya kufasiri.

"Pauni 35 za pembe, herufi saba" ndiyo humkwamisha mjukuu wake. Frasila, karibu kilo 16. Katika karne ya 19 pembe za ndovu, sandarusi na karafuu zilitajiwa bei Zanzibar kwa frasila. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika, aliinukuu katika hesabu zake pamoja na vipimo vya nguo, maana njiani nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Merikani, ile nguo ngumu ya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, ilikatwa kwa mkono: kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Shibiri mbili ni mkono, mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti.

Mkono wa nani, sasa? Mnunuzi angekuja na mjomba wake mrefu kuliko wote, na muuzaji angemwita karani wake mfupi.

Wafaransa walitaka kuumaliza ugomvi wa namna hiyo kwa kipande cha platini, mita ya mwaka 1799. Mei 20, 1875, mataifa 17 yakatia saini mkataba wa mita mjini Paris. Kwetu mita na kilo zilishika madaraka baada ya uhuru, zikaziondoa wari na ratili za wakoloni. Frasila ilikwisha kudhoofu, kwa kuwa misafara iliyobeba pembe haikuwapo tena. Doti ikabaki, na imebaki kwa sababu ya kanga: mbili zilizoungana, zinazosubiri mkasi na pindo. Hata leo dukani hakuna anayeuliza kanga mita ngapi.

Sokoni nako mizani ilipofika haikukuta nafasi tupu. Bati la mafuta ya taa, debe, lilikwisha kuwa kipimo cha mahindi (jina lake sasa wanalo pia wapigadebe wa vituoni, ambao hawapimi chochote). Tanzania wakaongeza sado, kopo la rangi lililooshwa; Kenya wana gorogoro, kopo la kama kilo mbili za unga au maharage. Wazee wa pwani walikuwa na maneno mawili ya jambo ambalo kopo haliwezi kulisema: kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu kwa kiganja, na kibaba cha tele, chenye kilima. Mkulima wa viazi anayeuza gunia la lumbesa, lililoshonewa kichwa juu ya mdomo wake, hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo Tanzania inakataza lumbesa. Dalali akifika shambani na lori lake, bado huulizia tele, na bei anayotoa ni ya mfuto.