Duka la Kijiji na Imani kwa Serikali

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, biashara ya maduka ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Mkulima alinunua chumvi, nguo na mafuta ya taa kwa bei aliyopangiwa, na mara nyingi alimtilia shaka mwenye duka. Serikali, kwa upande wake, iliongozwa na chama kilicholeta uhuru. Kwa hiyo Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, na benki na makampuni makubwa yakataifishwa, watu wengi waliandamana kuliunga mkono.

Imani hiyo ndiyo iliyobeba hatua zilizofuata. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kikiwemo KNCU cha Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Kwangu mimi, hili la ushirika ndilo lililoumiza zaidi, kwa kuwa lilimnyang'anya mkulima chombo alichokijenga mwenyewe.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni, sukari na khanga zilipatikana kwa foleni. Wapo wanaolaumu ukame, bei ya mafuta na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wengine hulaumu bei duni alizolipwa mkulima na uzembe wa mashirika ya umma. Sababu zote ni za kweli, ila vita na ukame vinaeleza uhaba tu. Havielezi kwa nini bidhaa chache zilizofika zilipitia mlango wa nyuma. Mwananchi anaweza kuvumilia uhaba unaompata kila mtu, lakini upendeleo humvunja moyo.

Serikali iliwasaka walanguzi mwaka 1983, na rafu zikabaki tupu. Mwaka 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na madukani vitu vikaonekana tena.

Hata hivyo, kuikimbia foleni hakukuwa kuikana serikali. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Walikwisha kumwachia mfanyabiashara sukari na sabuni. Uongozi wa nchi hawakuwa tayari kuuweka sokoni.