Nani Atunzaye Siri ya Mwanafunzi? Tarikhi ya Malezi na Unasihi, Kisarawe hata Kibaha

Wamisionari wa Kijerumani waliotoka Berlin, walipojenga kituo chao juu ya vilima vya Kisarawe mwaka 1892, na kisha kingine Maneromango mwaka 1895, hawakuikuta nchi ya Uzaramo tupu ya elimu, ijapokuwa jengo lenye madawati na ubao halikuwapo. Palikuwa na jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana, mambo ya kale yasiyo na mwanzo katika kumbukumbu za watu. Na palikuwa na vyuo vya Kurani, vilivyopanda kutoka mwambao pamoja na wachuuzi na masheikh, ambavyo baada ya muda si mrefu vilipata wafuasi wengi kupita kanisa katika pande zote hizo. Nami naona kwamba tarikhi ya malezi ya mtoto wa shule katika wilaya hizi mbili, Kisarawe na Kibaha, ni tarikhi ya cheo kimoja kilichopotea, yaani cheo cha mtu mzima aliyejulikana kwa jina, asiye mzazi, aliyekabidhiwa mtoto mmoja pamoja na siri zake. Na kila serikali, kila dini na kila mtaala uliokuja baadaye umejaribu kuijaza nafasi hiyo kwa kitu kingine.

Tuanze na mwali. Msichana wa Kizaramo alipovunja ungo aliwekwa ndani, na zamani zile kukaa ndani huko kuliweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Alipewa mwanahiti, kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili cha mviringo na kichwa chenye vishungi viwili, kisicho na mikono wala miguu, akitunze kama mama amtunzavyo mwana. Alipelekwa kwenye mti wa mkole akafundishwa kwa nyimbo na mizungu maana ya mwili wake, hedhi yake, na heshima aliyostahili kuwapa wakubwa. Na siku ya kutolewa alibebwa mabegani, ngoma zikilia, watu wamwone kuwa amekwisha kuwa mtu mwingine. Katika mambo hayo yote aliyekuwa karibu naye kuliko mama mzazi ni kungwi, au somo, kama wasemavyo wengi wa mwambao. Mama aliona haya kumweleza bintiye mambo ya faragha, na binti aliona haya kumwuliza mama. Kungwi alisimama baina yao, akalichukua lile ambalo adabu ya nyumba haikuruhusu litamkwe, na mwali akipotoka baada ya kutolewa, watu hawakukosa kuuliza kwanza ni nani aliyemfunda. Uhusiano huo haukuisha ngoma ilipokwisha: mwanamke aliyeolewa alirudi kwa somo wake ndoa ilipomlemea, tena akarudi alipochukua mimba ya kwanza.

Wavulana nao walikuwa na kumbi lao porini. Kazi ya ngariba ilikuwa ya kitambo kidogo. Siku nyingi zilizobaki, za kuuguza jeraha, ndizo zilizokuwa darasa, na kila kijana alikuwa na mtu wa kumwangalia, kumlisha na kumkanya.

Simtaki msomaji adhani kwamba naisifu kila desturi ya zamani. Mafunzo ya mwali yalimwandaa kwa ajili ya mume kabla ya kumwandaa kwa ajili ya nafsi yake, vitisho vya kumbini havikuwa vidogo, na hata leo viongozi wa Mkoa wa Pwani huwasihi wazazi wacheze ngoma hizo wakati wa likizo ili mtoto asikose masomo. Nilichokisifu ni cheo, wala si kila kilichofundishwa chini yake.

Chuo cha Kurani kilikuwa na mpango mwingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, na ambaye maandiko yake ni nguzo ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza kwa mapana jinsi mtoto alivyokabidhiwa kwa mwalimu wa chuo, na humo twaona mzazi akijivua madaraka na kumvika mwalimu. Mwalimu huyo alifundisha herufi, sala, twahara na murua wa kukaa mbele ya watu; alikuwa na bakora, naye aliitumia. Hata hivyo aliishi mtaani mle mle, alizika wafu wa mtaa, alisoma hitima zao, akaijua nyumba ya kila mwanafunzi na shida zake, na kwa hiyo ukali wake ulikuwa na mipaka iliyowekwa na ujirani.

Shule ya misheni ndiyo iliyoleta kengele, zamu na daftari la mahudhurio. Waingereza walipoishika Tanganyika, na Kisarawe ikawa makao ya Wilaya ya Uzaramo, siasa ya elimu waliyoitangaza kwa makoloni yao ya Afrika mwaka 1925 ilisema wazi kwamba kuunda tabia ya mtoto, kwa msaada wa dini, ni kazi ya shule sawa na kusoma na kuhesabu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 Chuo cha Mtakatifu Andrea cha misheni ya Kianglikana iitwayo UMCA kilihama Kiungani, Unguja, kikaja Minaki, mwendo mfupi kutoka Kisarawe mjini, na walimu waliofuzu hapo wakatawanyika katika shule za nchi nzima wakiwa wamechukua pamoja na vyeti vyao mazoea ya Minaki: mabweni, viranja, michezo, na imani kwamba kijana hutengenezwa kwa kupewa madaraka juu ya wenziwe. Misheni hiyo hiyo, kwa upande wa Masasi, ilikuwa na padri aitwaye Vincent Lucas, baadaye askofu, aliyethubutu kulichukua jando na kulifanya la Kikristo, pamoja na walimu wake na sala zake, kwa kuwa alitambua kwamba akilivunja hatakuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Wenzake wengi walimshangaa. Mimi naona ndiye aliyeisoma nchi vizuri kuliko wengi wa zama zake, ijapokuwa jaribio lake halikupata kuwa mfano kwa shule za serikali, ambazo malezi yake yalibaki kuwa mstari wa asubuhi, usafi wa kucha, na kiboko.

Kutoka Kisarawe ukirudi Dar es Salaam unafika Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha baada ya kurejea kutoka Edinburgh, mpaka mwaka 1955 alipoiacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa. Na jina la Mwalimu likamganda maisha yake yote. Alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, aliitaka shule iwe jamii inayolima, inayopika na kuamua mambo yake, ambamo tabia njema hutokana na kazi ya pamoja badala ya mahubiri. Kibaha ilikuwa imekwisha kuonja jambo la namna hiyo: mwaka 1963 Tanganyika ilipatana na nchi za Skandinavia na Finland, na pale Tumbi, kandokando ya barabara ya Morogoro, yakainuka mahali pamoja shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, mambo ambayo mwaka 1970 yalikabidhiwa serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Fikira ya kuweka shule, shamba na zahanati katika ua mmoja ilikuwa nzuri mno, maana mtoto mwenye shida huwa na shida tatu kwa mara moja. Lakini shule za msingi za vijiji vya jirani zilipata shamba peke yake, na katika shule nyingi jembe likageuka kuwa adhabu ya mchelewaji, kinyume kabisa cha makusudi ya Mwalimu.

Ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote, yaani UPE, iliyoazimiwa Musoma mwaka 1974 na kutekelezwa mwaka 1977. Watoto walimiminika, na walimu wa UPE, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu, wakawekwa mbele ya madarasa yaliyofurika, asubuhi kundi moja na mchana jingine. Katika hali hiyo nani angalimjua mtoto mmoja mmoja? Fimbo ilikuwa njia ya mkato ya mtu aliyezidiwa na kazi. Serikali iliitungia kanuni: zile za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, apige mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, msichana apigwe na mwalimu wa kike akiwapo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Ni kanuni zenye insafu ukizisoma ofisini. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule moja ya msingi mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na nchi nzima ikaulizana kitabu hicho huwa kinaandikwa na nani.

Unasihi kwa maana ya leo uliingia kwa mlango wa maradhi. UKIMWI ulipoenea, maneno ushauri nasaha yalitoka hospitali yakafika shuleni, na mwaka 1996 katika Mkoa wa Mwanza shule za msingi zilichagua walimu wa kike wawe walezi, ili msichana anayesumbuliwa na mwanamume, hata akiwa ni mwalimu, awe na pa kusemea. Tazama jinsi cheo cha somo kilivyorudi bila ya mtu kukusudia kukirudisha! Lakini Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002, ulioagiza huduma ya ushauri, uliwahusu wanafunzi wa sekondari na vyuo vya ualimu. Mtoto wa darasa la tano, ambaye ndiye anayeanza kubalehe, hakuwamo.

Yeye aliongezewa masomo. Mtaala wa mwaka 2005 ulimletea Haiba na Michezo, somo ambalo halikutahiniwa darasa la saba na kwa sababu hiyo lilikuwa la kwanza kuporwa kipindi chake mitihani ilipokaribia. Baada ya hapo likaja Uraia na Maadili, nalo likaingizwa katika mtihani. Na mwaka 2024 Historia ya Tanzania na Maadili. Sina ugomvi na vitabu hivyo, ila nimepata kumwona mtoto aliyejibu kwa ufasaha swali la maana ya uadilifu, naye amelinakili jibu kwa jirani yake.

Wakati mitaala ikibadilika hivyo, mambo makubwa juu ya wanafunzi wenye mimba yalikuwa yakiamuliwa. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mwanafunzi mimba. Tarehe 22 Juni 2017 Rais John Magufuli, akihutubia Chalinze, alisema kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi shuleni katika utawala wake; Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba atarudi. Katika miaka ile minne, mwalimu yeyote wa Kisarawe au Kibaha aliyeambiwa siri na mwanafunzi mwenye mimba alijua kwamba kuitoa ni kumfukuzisha, na kuificha ni kumkinga mhalifu. Huo ni mtihani ambao kungwi hakuwa nao, maana yeye hakuwa mtumishi wa dola.

Aprili 2022 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua mjini Kibaha mradi wa Shule Bora, unaofadhiliwa na Uingereza kwa mikoa tisa, Pwani ukiwa mmojawapo, na usalama wa mtoto shuleni ni sehemu ya makusudio yake. Siku hizi utakuta walimu wanasihi wameteuliwa, aghalabu mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, utakuta na namba 116 ya kupiga simu mtoto anapoonewa, imeandikwa kwa rangi ukutani. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, katika shule moja ya upande wa Kisarawe, ambayo sitaitaja, nililiona sanduku la maoni la mbao, lenye kufuli jipya na tundu lililochongwa vizuri, limetundikwa kibarazani baina ya mlango wa mwalimu mkuu na benchi la walimu wa zamu, mahali ambapo hakuna mtoto awezaye kutumbukiza karatasi bila ya kuonwa na watu watano. Mwalimu mnasihi wa hapo, mama mpole aliyeamkiwa shikamoo na watoto kila hatua aliyokwenda, alikuwa na vipindi vya kufundisha siku nzima na hakuwa na chumba. Aliongea na wanafunzi chini ya mwembe. Tena jina lake lilikuwamo katika orodha ya walioruhusiwa kuchapa. Mtoto hawezi kuupeleka moyo wake Jumanne kwa mkono uliomchapa Jumatatu, na kama wizara ingeniuliza la kwanza la kufanya, ningesema mnasihi avuliwe fimbo kwa maandishi na watoto watangaziwe mstarini.

La pili ni hesabu ya umri. Kwa sera mpya ya elimu, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka sita atakwenda sekondari akiwa na miaka kumi na miwili, yaani umri unaokaribia ule ambao Uzaramo ya kale ilimtafutia kungwi, na mwalimu aliyemjua tangu darasa la kwanza atakuwa amebaki nyuma, katika shule nyingine, nami hadi sasa sijaona faili wala utaratibu wa kumkabidhi mtoto huyo pamoja na siri zake kwa atakayempokea.