Bei ya Lita na Gharama ya Mafuta: Hesabu ya Nishati Kahama

Katika machimbo madogo ya dhahabu yanayoizunguka Kahama, daftari hufunguliwa kabla ya mgawo. Mfadhili wa duara, yaani shimo la uchimbaji, husoma alichotoa: unga, maharage, magogo ya kuzuia kuta, baruti, na dizeli iliyoendesha pampu na kompresa. Gharama hizo hukatwa kwanza. Kinachobaki ndicho anachogawana na wachimbaji. Kwa hiyo kijana anayeshinda chini ya ardhi, ambaye pengine hajawahi kusimama kwenye kituo cha mafuta, ni mnunuzi wa dizeli kila siku. Analipia kwa mawe aliyoyavunja mwenyewe.

Makala haya yanadai kwamba mafuta na nishati jadidifu hayawezi kulinganishwa kwa bei ya siku ya kununua. Yapasa kuuliza nani analipa, analipa lini, na kama anajua kwamba analipa. Kwa kipimo hicho mafuta ni ghali kuliko yanavyoonekana, na kinachoyabakiza machimboni ni namna yanavyouzwa.

Yaliyofichwa ndani ya lita

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta. Kahama iko karibu kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar es Salaam, hivyo lita hufika ikiwa imebeba thamani ya dola, nauli ya meli, nauli ya lori na tozo za serikali. Hayo yote yamo katika bei. Mengine hayamo.

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya lita hadi kupita shilingi 3,000, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni. Ilikuwa nafuu ya lazima, lakini ilitoka katika hazina ya wote, akiwamo mkulima wa pamba asiye na hata pikipiki. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Hakuna bei kikomo iliyowahi kuhesabu maisha hayo. Na waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1970 wanakumbuka jinsi bei za dunia zilivyopanda hadi magari binafsi yakapigwa marufuku Jumapili mchana, fedha za kigeni zilizotokana na pamba na kahawa zikiishia kwenye mapipa ya mafuta.

Hesabu ya uniti

Lita moja ya dizeli katika jenereta dogo hutoa takriban uniti (kilowati-saa) 3 za umeme. Nishati iliyobaki hupotea kama joto. Lita ikiwa shilingi 3,000, kila uniti ni shilingi 1,000, kabla ya oili, vipuri na fundi. Mteja wa kawaida wa shirika la umeme, TANESCO, hulipa chini ya shilingi 400 kwa uniti hiyohiyo. Paneli za kilowati 1 chini ya jua la Shinyanga huzalisha uniti 4 hadi 5 kwa siku. Tukichukua 4, kwa mwaka ni uniti 1,460, sawa na lita 490 hivi za dizeli, yaani karibu shilingi milioni moja na nusu. Paneli zilizofungwa vizuri hudumu zaidi ya miaka 20.

Kwa nini basi jenereta bado linanguruma? Kwa sababu dizeli hununuliwa kwa lita, na jua hununuliwa kwa mkupuo. Mfadhili hajui kama duara litatema, yaani litatoa dhahabu, mwezi ujao au litaachwa. Mtambo wa miaka 20 haufungwi juu ya shimo la miezi sita, na duara ambalo halijatema si dhamana ya mkopo. Anachofanya si ujinga. Ni busara ya mtu ambaye mtaji wake hauwezi kungoja.

Kazi zenyewe pia hazifanani. Karasha, mashine ya kusaga mawe, linaweza kusubiri asubuhi, kwa kuwa mawe hayaozi. Pampu haiwezi, kwa kuwa maji ya chini hayalali. Karasha linafaa kuendeshwa na jua moja kwa moja. Pampu inahitaji betri au gridi. Anayeshauri jua kwa kila kitu bila kutofautisha kazi hizi hajafika duarani.

Deni la upande wa pili

Nishati jadidifu nayo ina gharama zake, na haki inatudai tuzitaje. Betri chakavu za risasi zikitupwa ovyo huchafua udongo na maji. Mabwawa ya umeme hutegemea mvua: ukame wa mwaka 2006 ulileta mgawo wa umeme na kutusukuma kwenye mitambo ya dharura. Hata Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, litahitaji mwenza siku mvua itakapokosa, na ndiyo maana mradi wa umeme wa jua wa Kishapu, wa megawati 50 katika awamu ya kwanza, una uzito zaidi ya ukubwa wake. Tena, tozo katika kila lita huingia Mfuko wa Nishati Vijijini na Mfuko wa Barabara. Lita zikipungua, nguzo za umeme na lami zitahitaji mlipaji mwingine, na heri apangwe mapema.

Kahama imekaa katikati ya mizani hii. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita katika ardhi yake. Mafuta hayo ni mazito kama nta, lazima yapashwe moto njia nzima ili yatiririke, na yanaelekea ng'ambo, hayaji katika vituo vyetu. Hapohapo Buzwagi, mgodi uliofungwa, pamepangwa kiwanda cha kusafisha nikeli ya Kabanga, madini ya kutengenezea betri. Mji utakaopitiwa na nishati zote mbili unastahili kujua kila moja inamdai nani.

Hitimisho

Bei ya paneli imeshuka kiasi cha kutosha. Kinachokosekana Kahama ni namna ya kuliuza jua kama dizeli, kidogo kidogo. Vyama vya wachimbaji vikimiliki mitambo inayohamishika na kuikodisha kwa siku, duara likiachwa, paneli zitahamia jingine. Serikali inaweza kuanza kwa kudhamini mikopo ya vyama hivyo, kwa fedha ambayo ingetumika katika ruzuku nyingine ya mafuta. Hapo daftari litakapofunguliwa, mstari wa dizeli utakuwa mfupi, na mifuko ya mawe ya dhahabu itakayokwenda kwa walioyavunja itakuwa mingi zaidi.