Nzi, Nzige na Nyuki: Majina ya Wadudu kama Ushahidi wa Historia ya Lugha

Wanaochunguza historia ya lugha za Kiafrika wamezoea kuanza na maneno yenye hadhi: chuma, mfalme, ng'ombe, Mungu. Maneno hayo yana faida yake, lakini husafiri upesi pamoja na biashara, dini na utawala. Majina ya wadudu ni mashahidi wa aina nyingine. Mbu hauzwi sokoni, na nzi hahitaji mjumbe wa kumtangaza. Mtoto huyapata majina hayo nyumbani, kwa mama na bibi, kabla hajaingia darasani. Kwa sababu hiyo yana thamani kubwa katika isimu historia, ila kwa sharti moja: yapimwe kwa kanuni za sauti, wala si kwa kufanana masikioni.

Mfano ulio wazi ni nzi. Mwenzake katika Kikuyu ni ngi. Nzige naye huitwa ngigĩ. Mtu anayesikia maneno haya kwa mara ya kwanza aweza kudhani kuwa tofauti ya z na g ni ya kubahatisha tu. Sivyo. Sauti g ya lugha mame ya Kibantu, ilipofuatwa na irabu i iliyo ya juu kabisa, iligeuka kuwa z katika Kiswahili, na Kikuyu hakikuyafanya mabadiliko hayo. Katika nzige, g ya kwanza imegeuka, na ya pili imesalia kwa kuwa haikufuatwa na irabu hiyo. Wala kanuni hii si ya wadudu peke yao: Kikuyu husema mũgiro kwa maana ya mwiko, na Kiswahili kina mzio. Thilo Schadeberg alionyesha mwaka 1995 kuwa mabadiliko ya namna hii yanahusiana na kupungua kwa irabu kutoka saba hadi tano. Kikuyu kina irabu saba hadi leo. Kiswahili kina tano. Hivyo mdudu mdogo anayetua juu ya chakula anabeba katika jina lake habari za mfumo mzima wa sauti.

Nyuki naye ana ndugu wengi: njũkĩ ya Kikuyu, enjuki ya Kiganda, nyuchi ya Kishona. Umbali kati ya Kampala na Harare ni ushahidi kwamba jina hili ni la kale sana. Lakini zao la nyuki limepata jina jingine: asali ni neno la Kiarabu. Kadhalika Kiswahili kimebaki na nge, ambalo ni neno la Kibantu, kwa mnyama anayeuma, na kikapokea akrabu kwa nyota za falaki na mshale wa saa. Mkopo umefuata biashara na elimu; kiumbe chenyewe kimebaki na jina lake la nyumbani.

Hapa pana hatari inayofaa kutajwa. Kipepeo katika Kilatini ni papilio, na katika Kinahuatl cha Meksiko ni papalotl. Hakuna mwanaisimu atakayezihesabu lugha hizi tatu kuwa za ukoo mmoja. Kipepeo limetokana na kitenzi pepea, na yamkini marudio ya p katika lugha zote tatu yanaiga mwendo wa mbawa. Kinyume chake ni nyigu wa lugha za Kihindi-Kiulaya: vespa ya Kilatini, vapsva ya Kilithuania na wasp ya Kiingereza hazifanani sana kwa sura, lakini ni neno moja, ambalo wataalamu wengi hulihusisha na mzizi wenye maana ya kufuma, kwa sababu ya kiota cha mdudu huyo. Yanayofanana yaweza kuwa mageni kwa mageni, na yasiyofanana yakawa ndugu.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Katika bonde la Kilombero, pale Kiberege, chini ya milima ya Udzungwa na kaskazini ya Ifakara, Kindamba, Kipogoro na Kimbunga vimekaa jirani kwa muda mrefu. Malcolm Guthrie aliviweka Kipogoro na Kindamba katika kundi moja la ukanda G, na Kimbunga akakiweka katika ukanda P, pamoja na Kingindo. Masimulizi ya Wambunga yanawahusisha na misafara ya Wangoni wa karne ya 19, waliotoka kusini. Basi swali la haki ni hili: je, mama wa Kimbunga alimwita nzi kwa jina la jamii ya nzi, au kwa jina la jamii ya impukane ya Kizulu? Na nyuki, je, ni inyosi kama kwa Wazulu? Jeshi laweza kuleta jina la kabila na vyeo vya watawala. Lakini jina la nzi hufuata aliyewalea watoto. Jibu la swali hilo lingetueleza zaidi kuhusu akina mama wa bonde hilo kuliko orodha ya machifu wake.

Muda wa kuuliza si mrefu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na mashamba ya miwa ya Kidatu vilileta watu wa kila pembe, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana. Huo ni ushindi ambao wasomi wa Kiswahili wana haki ya kuufurahia. Hata hivyo ushindi huo una gharama: mtoto anayesema mbu na sisimizi kwa Kiswahili tangu utotoni hana sababu ya kuuliza bibi yake alivyowaita.

Huko Ifakara, wadudu wenyewe wamechunguzwa kwa bidii tangu Rudolf Geigy na wenzake wa Uswisi walipoanzisha maabara yao katika miaka ya 1950. Mbu wa bonde hilo wamehesabiwa na kuainishwa. Kwa upande wa lugha, Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi mwaka 2009, na muhtasari wa sarufi ya Kindamba ukachapishwa mwaka 2010 na Edelsten na Lijongwa. Msingi upo. Kinachotakiwa ni mwanafunzi mwenye daftari na subira, atakayeketi na wazee wa Kiberege na kuandika jina la kila mdudu pamoja na toni yake, wingi wake na lugha ya aliyemfundisha msemaji. Mbu wa Kilombero atakuwepo mwakani kumsubiri mtafiti. Mzee anayejua majina yake yote huenda asiwepo.