Je, Mpira Ufukuzwe Shuleni?

Liko swali ambalo wazazi wa pwani ya Ziwa huliuliza kila mtoto arudipo jioni amejaa vumbi, na madaftari yake hayajafunguliwa: je, haifai mpira ukatazwe shuleni? Kabla ya kuhukumu, na tutazame mambo yaliyopita, kwa maana waliotutangulia walilijibu swali hili mara nyingi, na majibu yao hayakufanana.

Kukataza mpira ni jambo la zamani sana. Mwaka 1314 mkuu wa mji wa London alitoa amri kwa jina la Mfalme Edward wa Pili kwamba mpira usichezwe mjini, kwa ajili ya ghasia zake. Mwaka 1457 baraza la Uskoti nalo likaukataza, kwa kuwa vijana waliacha kujizoeza kupiga mishale, na nchi ilihitaji watu wa vita. Amri hiyo ilirudiwa tena baadaye. Na amri inayorudiwa ni dalili ya kuwa haikushikwa.

Huko Marekani shauri lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa lilihusu uhai wa watu. Mpira wa vyuo vyao si huu wetu. Wao huubeba mikononi na kuangushana kwa nguvu. Mwaka 1905 magazeti yalihesabu vijana 18 hivi waliokufa kwa mchezo huo. Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa mchezo wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton, akawataka wausafishe. Chuo cha Columbia kiliufuta kabisa. Lakini wengine walikaa pamoja, na mwaka 1906 wakabadili sheria, wakaruhusu mpira kurushwa mbele, ili wachezaji wasirundikane mahali pamoja na kuumizana. Hatari haikwisha yote, ila mchezo ulipona. Mwaka 1939 Chuo Kikuu cha Chicago kiliufuta kwa sababu nyingine: mkuu wake, Robert Hutchins, aliona unawapotosha watu wasijue chuo ni cha kazi gani. Hata hivyo mwaka 1969 ukarudi.

Kwetu Afrika Mashariki, shule ndizo zilizoukaribisha mpira. Kule Unguja wanafunzi wa chuo cha Kiungani, cha misheni ya UMCA, waliucheza tangu karne ya 19. Huku Nyanza, upande wa Kisumu, Carey Francis alishika shule ya Maseno mwaka 1928. Alikuwa mtu wa hesabu kweli kweli, tena mpenda mpira. Wala hakuona kwamba viwili hivyo vyapigana.

Lakini kati ya mwaka 2000 na 2005, Joseph Mungai alipokuwa Waziri wa Elimu na Utamaduni wa Tanzania, mashindano ya michezo ya shule, yaani UMISHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, yalisimamishwa. Waliokubali walisema kwamba muda wa masomo waliwa na kambi na safari, na michango huwalemea wazazi. Waliokataa walisema kwamba mtoto wa kijijini ameondolewa mahali pa pekee pa kuonekana. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2005 serikali mpya ya Rais Kikwete iliyarudisha. Baadaye jina la yale ya msingi likawa UMITASHUMTA, na ndani yake likaingizwa neno taaluma. Mwaka 2018 vijana wa mikoa mbalimbali walikutana Mwanza kwa mashindano hayo.

Basi tujifunze nini? Kwanza, wanaokataza mpira mara nyingi huwa na sababu ya kweli. Kifo ni kweli, muda uliopotea ni kweli, na shilingi ya mzazi aliyeuza samaki ni kweli. Si haki kuwaita adui wa watoto. Lakini pili, kila ubaya una dawa yake. Mchezo ukiumiza, sheria zirekebishwe. Muda ukipotea, ratiba ishikwe. Fedha zikipungua, hesabu isomwe mbele ya wazazi. Kuufuta mchezo wote kwa kosa la wasimamizi ni kuchoma wavu kwa sababu ya tundu moja.

Tena tukumbuke kwamba mtoto aliyefukuzwa uwanjani haendi lazima kitabuni. Huenda akaenda kijiweni. Wahenga walisema, kazi na dawa. Kwa hiyo, ninyi mlio katika kamati za shule, shauri hili likifika mezani, msiulize tu kama watoto wacheze. Ulizeni wacheze saa ngapi, nani awaangalie, wasichana wana nafasi gani, na fedha anashika nani. Mkiyajibu hayo vema, mpira na kitabu vitakaa nyumba moja kwa amani.