Ile 2 ndogo chini ya Cu

Ndugu wasomi, na ninyi wadogo wetu mnaojitayarisha kwa Exetat, leo niwaambie kosa langu moja.

Tulikuwa darasa la tano la sekondari, hapa Lubumbashi. Mwalimu aliweka jiwe la kijani juu ya meza: malakiti, Cu₂CO₃(OH)₂. Akauliza: katika gramu 442 za malakiti safi, mna moli ngapi za shaba? Mi nikajibu haraka: 2. Akacheka. “Nusu ya shaba umeiacha ndani ya jiwe!”

Hesabu yenyewe si ngumu. Shaba 2 × 63.5 ni 127, kaboni 12, oksijeni 5 × 16 ni 80, hidrojeni 2. Jumla gramu 221 kwa moli moja. Kwa hiyo gramu 442 ni moli 2 za malakiti. Hapo njo nilisimama. Kumbe ilibaki kuzidisha kwa ile 2 ndogo chini ya Cu: moli 4 za shaba, yaani gramu 254.

Niliona haya sana. Lakini baadaye nilisoma historia, nikatulia: hata wakubwa walikwama juu ya hizo namba ndogo, tena kwa miaka 50.

Mwaka 1808 Dalton, Mwingereza, alifikiri kwamba maji ni hidrojeni moja na oksijeni moja, HO. Gay-Lussac, Mfaransa, alikuwa amepima gesi, akaona hidrojeni inaingia mara mbili ya oksijeni. Mwaka 1811 Avogadro wa Italia akaeleza: gesi mbili zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo moja, zina idadi sawa ya molekuli. Basi maji ni H₂O. Wengi hawakumsikiliza. Huyu aliandika oksijeni 8, yule 16, na kitu kimoja kikawa na fomula nyingi. Ukikosa fomula, moli utazihesabu namna gani?

Avogadro alikufa mwaka 1856, bado hajasikilizwa. Mwaka 1860 wanakemia walikutana Karlsruhe, Ujerumani. Cannizzaro, Mwitalia mwenzake, akatetea wazo lake, na kijitabu chake kikagawiwa pale. Mendeleev alikuwepo; miaka 9 baadaye akatoa jedwali lake la elementi.

Wazee wetu wa Katanga waliyeyusha malakiti zamani sana, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa. Fomula hawakuwa nayo, lakini shaba ilikuwa mikononi mwao. Leo anayenunua jiwe anahesabu shaba iliyomo. Anayeuza bila kujua hesabu anauza kwa macho tu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usidharau ile 2 ndogo. Usiache nusu ya shaba yako ndani ya jiwe.