Aliyepasua ana jina, aliyeuguza hana

Ukikaa na wazee wa Tarime, au ukishuka hadi Mugumu huko Serengeti, siku moja mazungumzo yatafika kwa wapasuaji wa vichwa. Wakurya, kama jirani zao Wakisii ng'ambo ya mpaka, walikuwa na watu wa kufungua fuvu. Mtu kapigwa rungu, mfupa umebonyea, au ngozi imepona lakini kichwa kinamuuma miezi na miezi; basi anapelekwa. Kwa Kikisii mtaalamu huyo ni omobari. Alichana ngozi, akakwangua mfupa taratibu na kutoa vipande vilivyovunjika, na ustadi wote ulikuwa hapo: asiutoboe utando unaofunika ubongo. Nusukaputi haikuwepo. Mgonjwa alishikwa na ndugu zake.

Wageni waliyaandika sana hayo. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyefanya kazi Hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliwapiga picha na eksirei watu waliopasuliwa, na makala yake ya 1967 inatajwa mpaka leo. Lakini mengi niliyoyasoma kuhusu upasuaji huu yamejaa kisu. Siku za baada ya kisu zinapewa sentensi moja: jeraha likapakwa samli, mgonjwa akapumzika. Sasa nani alipaka? Nani alikesha kumzuia asijikune, nani alimlisha uji akiwa hajitambui?

Swali hili linanikera kwa sababu ya kaka yangu. Alianguka kutoka juu ya lori la mahindi, akavunjika mgongo. Na kwa uti wa mgongo sijawahi kusikia mzee akitaja fundi. Hata Wamisri wa kale, katika hati ya mafunjo ya kama miaka 3,600 iliyopita inayoitwa kwa jina la Edwin Smith, waliuweka mgongo wa namna hiyo, uliofuatana na kupooza, miongoni mwa maradhi yasiyotibika.

Hospitali tuliyompeleka, nisiyoitaja, ilimruhusu arudi nyumbani na mpira wa mkojo na karatasi yenye mistari mitatu. Kilichomwokoa hakikuwa kwenye karatasi. Muuguzi mmoja mtu mzima, zamu yake ikiwa imekwisha, alimvuta mama pembeni kwenye korido akamwambia kwa Kikurya: mgeuze kila saa mbili, usiku na mchana, na kila asubuhi mwangalie visigino na chini ya kiuno, ukiona wekundu, usimlalishe tena upande ule.

Baadaye sana ndipo nilipojua saa mbili hizo zina historia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopiganwa, askari waliopooza walikufa kwa wingi, na wengi hawakuuawa na risasi yenyewe. Vidonda vya kulala na mkojo uliooza ndivyo vilivyowamaliza. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua wodi Stoke Mandeville, Uingereza, na kushikilia jambo lililoonekana dogo mno: wagonjwa wageuzwe kila saa mbili. Alipita hata usiku kukagua. Wakaacha kufa. Tunamkumbuka zaidi kwa michezo aliyoianzisha 1948, ambayo ndiyo chanzo cha Paralimpiki, lakini bila kugeuzwa kule nani angebaki wa kucheza?

Mama alitegesha kengele ya simu. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Mito ilikuwa magunia yaliyojazwa nguo kuukuu. Mgongo wake mwenyewe umeharibika, hilo halina ubishi. Kaka sasa ana mwaka wa tisa, anauza vocha Sirari juu ya kiti cha matairi, na bado ana maneno mengi kuliko wateja.

Mwaka jana nilimuuliza mzee mmoja, aliyekuwa akinisimulia kwa raha jinsi jirani yao alivyopasuliwa kichwa, ni nani aliyemuuguza baada ya hapo.

"Mama yake," alisema. "Sasa nani mwingine?" Kisha akarudi kwenye kisu.